Tulivyokatazwa Kutukanana

Juzijuzi nilialikwa Lindi kwenye semina. Mjukuu wangu ni muuguzi, na kijana mmoja aliyeiandaa alimwambia angependa awepo mama wa zamani aliyewahi kupanda gari la wagonjwa. Nikavaa doti yangu mpya, nikaenda. Nikapewa kiti cha mbele, soda na sambusa mbili. Kijana akashika kipaza sauti, akaeleza kwamba watu wanaotangulia kufika penye ajali, moto na mafuriko nao huumia, na hawaumii mwilini, huumia rohoni. Kwamba wanahitaji kusikilizwa, wanahitaji ushauri nasaha. Sawa. Sikuwa na neno. Kisha akanigeukia, akainama kidogo kwa adabu, akasema, "Mama zetu kama huyu walifanya kazi hizi enzi za ujamaa bila msaada wowote wa afya ya akili. Walivumilia tu. Hawakuwa na kitu."

Watu wakanipigia makofi. Mimi damu ikanichemka. Hatukuwa na kitu? Nani kakwambia? Tulikuwa nacho, tukanyang'anywa, mchana kweupe, mbele ya watu, na aliyetunyang'anya naye alipigiwa makofi. Waliponisogezea kipaza sauti nilisema asante nikaketi, kwa sababu mjukuu wangu alikuwa ananitazama kwa jicho la "bibi, tafadhali." Sasa niko kwangu, hakuna wa kunikonyeza. Nitasema. Majina siyataji, ya watu wala ya hospitali. Waliokufa wamekufa, na walio hai wana watoto.

Mimi ni Mmwera, mzaliwa wa Milola, kwetu mihogo na mikorosho. Miaka ile baada ya Uhuru msichana anayejua kusoma alikuwa anatafutwa kwa tochi, na mimi nilijua. Nikachukuliwa, nikafundishwa kufunga majeraha, kupima joto, kumshika mtu aliyevunjika bila kumvunja zaidi, nikapelekwa kuwa mhudumu katika hospitali moja ya pwani, upande wa Kilwa. Huko nikawekwa kwenye gari la wagonjwa. Sababu ilikuwa ndogo tu: wajawazito wa vijijini walikuwa wanakataa kupanda gari lenye mwanamume peke yake, waume zao nao wanakataa zaidi. Basi akatafutwa mwanamke wa kukaa nyuma, akapatikana mimi.

Gari lilikuwa moja, Landrova ya rangi ya majivu, na lilihudumia kuanzia mwambao mpaka vijiji vya ndani ambako barabara ilikuwa jina tu. Mtu alikuja na baiskeli akihema, akasema fulani ameanguka mnazini, fulani uchungu umemshika tangu juzi na mtoto hatoki, nyumba inaungua na ndani kuna watu. Sisi wawili tukaruka garini. Hapakuwa na daktari wa kwenda naye. Alikuwepo dereva na mimi, machela, na sanduku la dawa ambalo mara nyingi halikuwa na dawa.

Dereva alikuwa Mngoni wa Songea. Mrefu, mweusi, ana pengo mbele, na cheko lake ulilisikia kabla hujaliona gari. Alikuwa amenizidi umri kwa mbali. Siku ya kwanza alipoambiwa mimi ni Mmwera, alipiga makofi kwa furaha, akasema, "Alhamdulillahi! Wameniletea mateka wangu!" Na yeye wala hakuwa Mwislamu, alikuwa Mkatoliki wa kusali rozari. Nikamjibu, "Mateka ni bibi yako, jambazi we!" Watu wote waliokuwepo wakacheka, na kuanzia hapo tukawa tumefahamiana.

Kwa asiyejua nieleze. Zamani za mababu Wangoni walitushambulia sisi watu wa kusini, wakachoma vijiji, wakachukua wanawake na mifugo. Baadaye watu wakachoka kuuana, na badala ya kisasi tukaachiwa utani. Mtani wako ana ruhusa ya kukutukana mbele ya mkweo, kuingia jikoni kwako akafunua chungu, kukunyang'anya kuku, na wewe huna haki ya kukasirika. Lakini kazi yake kubwa ni msibani. Wewe umekaa umejiinamia, chozi limekauka, chakula hakipiti, mara anatokea mtani amevaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu alivyokuwa akitembea, anadai marehemu alimwahidi jogoo. Unacheka hutaki. Ukishacheka, kilio kilichokukwama kinatoka. Ukishalia, unakula. Ndivyo tulivyolelewa, hakuna aliyetufundisha darasani.

Sasa sikiliza. Siku moja tuliitwa upande wa Kiranjeranje, simba kamkamata mwanamke shambani. Tulimkuta bado ana uhai. Mumewe alikuwa kamfunga kwa kanga na mashuka yote yaliyokuwemo ndani, na damu bado inapenya. Tukampakia. Njia nzima alikuwa kanishika mkono, ananiuliza kama mahindi yamevunwa. Nikamwambia yamevunwa. Karibu na mjini akauachia mkono wangu. Hospitalini ndugu zake wakampokea, mikeka ikatandikwa, wanawake wakaanza kulia, ubani ukafukizwa, na yule mume akashikwa huku na huku na wanaume wenzake.

Sisi je? Sisi tuliambiwa gari likaoshwe. Tukaenda nyuma ya hospitali penye bomba, tukajaza makarai, tukafungua mlango wa nyuma. Mimi nikatazama ile damu sakafuni, mwili ukaanza kunitetemeka hata brashi nikashindwa kuishika. Yule mwanamke hakuwa ndugu yangu. Hata jina lake nilikuwa silijui. Hakuna aliyekuja kunishika mimi, na haki ya kutandikiwa mkeka sikuwa nayo. Dereva akanitazama, naye midomo yake ilikuwa imepauka, akamwaga maji, akasema, "Mateka wangu, unatetemeka nini? Babu yangu alipomkamata bibi yako, bibi hakutetemeka hivyo. Alimwuliza tu, bwana, leo nikupikie nini?"

Lo! Pale pale, na damu iko pale!  Kisha mdomo ukanijibia wenyewe: "Nani alimkamata nani? Babu yako alikuja kwetu na njaa, tumbo limegusana na mgongo. Bibi yangu akamwonea huruma akampa muhogo, ndiyo mpaka leo hamtaki kuondoka!" Akacheka kwa lile pengo lake. Nikacheka na mimi, nikacheka mpaka nikakaa chini kwenye maji, na kicheko kikageuka kilio, nikamlilia yule mwanamke na mahindi yake kama ninayemlilia dada yangu. Yeye akaendelea kusugua, amenipa mgongo, anajifanya haoni. Nilipomaliza nikashika brashi. Jioni ile nilikula wali na samaki nikalala fofofo.

Basi ikawa ndiyo desturi yetu. Kila tulipoleta aliyekufa, au aliyekuwa anaelekea huko, tulikwenda bombani tukatukanana. Na ilikuwa na masharti yake, msidhani ilikuwa ovyo. Hatukuanza mpaka ndugu wa marehemu wawe wameondoka. Marehemu hatukumgusa kwa maneno hata siku moja, tulishambuliana sisi kwa sisi. Na atakayenuna wa kwanza ndiye anamalizia kuosha gari. Siku nyingine zamu ya kuvunjika ilikuwa yake. Tulipomtoa kisimani mtoto wa umri wa mwanawe, alikaa kwenye bampa la gari kama gogo, hasemi, na mimi nilimsimanga karibu mpaka adhuhuri: Wangoni nyie hata kuiba hamkuweza, mlikuja na ngao na mikuki mkaondoka na kuku, hebu nione hiyo mikono, ndiyo mikono ya shujaa hiyo? Mwishowe akatoa sauti, akasema, "Na kuku wenyewe walikuwa wanakufa kwa kideri." Halafu akalia. Mimi nikageuka nikaosha matairi.

Hiyo, mwanangu wa kipaza sauti, sijui kwenu inaitwaje.

Kisha akaja katibu. Alikuwa kijana bado, msomi, suti yake ya Kaunda imepigwa pasi hata nzi angeteleza. Aliletwa kutoka mbali kuja kusimamia siasa na nidhamu ya wafanyakazi katika hospitali yetu. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Hali rushwa, hanywi, mbele ya mzee anaamkia vizuri, na jembe alishika nasi kwenye shamba la pamoja mpaka viganja vikamchubuka. Afadhali angekuwa mlevi, tungemwona anavyoyumba tukampisha. Huyu alikuwa amenyooka, na mtu aliyenyooka akikosea hakuna wa kumwambia.

Siku hiyo tulikuwa tumetoka kwenye nyumba iliyoungua. Nitaishia hapo, tulichokitoa ndani sikisemi. Tukaenda bombani. Nikaona leo lazima nianze kwa nguvu. Nikamwambia, "Mngoni muuaji we! Babu zako walichoma kijiji chetu kizima hawakuchoka, wewe kuosha gari moja tu unahema!" Akajibu, "Tulikuwa tunajichomea mihogo tu. Nani aliwatuma mjenge karibu na moto wetu?" Tukaanza kucheka. Nageuka, katibu amesimama nyuma yetu. Uso umemshuka kabisa.

Kesho yake tukaitwa kwenye mkutano wa wafanyakazi wote. Katibu alizungumza vizuri, siwezi kumnyima. Alisema nchi yetu imejengwa ili mtu asiulizwe kabila lake. Alisema ametembea nchi nzima hajaona aibu kama ile, mfanyakazi wa umma kumwita mwenzake muuaji kwa ajili ya kabila, tena wakiwa wamesimama kwenye majivu ya raia waliokufa kwa moto, tena wanacheka! Watu wakainamisha vichwa. Na humo ndani wote walikuwa na watani wao. Mganga mkuu wetu, mtu wa huku huku kusini, aliyejua utani ni nini kama ninavyoujua mimi, alitazama viatu vyake kana kwamba ndiyo kwanza anaviona.

Dereva akanyoosha mkono. "Ndugu Katibu, ule ni utani."

"Utani naujua," akasema katibu. "Una mahali pake. Harusini, msibani, kwa wenyewe. Ninyi pale mlikuwa kazini. Ule msiba haukuwa wenu. Ninyi hamkufiwa."

Neno hilo lilinichoma mpaka leo halijatoka. Nikasimama bila kuruhusiwa, nikasema, "Ndugu Katibu, kama hatukufiwa, mbona hatulali?"

Akanitazama kwa upole kabisa, upole wa mtu anayemfundisha mtoto. "Dada," akasema, "mfanyakazi anayeipenda nchi yake hulala vizuri akijua ametimiza wajibu wake." Ndipo makofi yakapigwa. Hata mpishi alipiga, na mpishi ndiye aliyekuwa anatuletea chai pale bombani tukishamaliza kutukanana.

Dereva naye mdomo ulimwasha. Akauliza, "Ndugu Katibu, samahani, wewe kabila gani?" Katibu akasema, "Mimi ni Mtanzania." Dereva akasema, "Sote, Ndugu. Lakini siku ukifiwa, nani atakuja kukuchekesha?" Ukumbi wote ukaangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichotumaliza. Mtu mpya, mbele ya watu anaowaongoza, achekwe namna ile? Palepale uamuzi ukatoka. Utani wa makabila marufuku ndani ya uzio wa hospitali. Mimi nihamie wodi ya wazazi. Nyuma ya gari atakaa kijana mwingine, mtaratibu, asiye na maneno. Sisi wawili tukionekana tena katika mambo yale, tutamwaga unga, na yeye dereva atahama na nyumba, kwa sababu aliishi na mkewe na watoto katika nyumba za wafanyakazi humo humo ndani ya uzio.

Mimi wodi ya wazazi nilipata pa kupumulia. Watoto wanazaliwa, wanawake wanapiga vigelegele. Yeye alibaki na gari lile lile, barabara zile zile, na yule mtaratibu wake. Nilikuwa namwona dirishani. Mwanzo nilikuwa namrushia tusi la haraka, na yeye ananijibu kwa nyusi. Siku moja yule mtaratibu akaenda kusema. Dereva akaitwa ofisini, akarudi ananipita kama hanijui. Nilipokutana naye sokoni, nje ya uzio kabisa, nikamwambia, "Mngoni, leo unanunua samaki? Siku hizi hunyang'anyi?" Akatazama nyuma, akanong'ona, "Usiseme. Watasikia." Pale palikuwa na wauza samaki tu! Nikajua huyu mtu ameanza kuharibika.

Ilikuwa masika watu wakihamishiwa vijiji vipya kando ya barabara. Ya kuhama yana wasemaji wake, mimi nasema niliyoyaona. Lori lililobeba familia na vinu vyao, kuku, mikeka na milango ya nyumba zao za zamani, liliteleza kwenye mteremko wa mto likapinduka. Dereva alikwenda na kurudi, akaenda na kurudi, kutwa nzima, barabara imekuwa uji. Yule mtaratibu baada ya safari ya kwanza alitapika akakaa chini akakataa kuinuka, na simlaumu. Safari zilizobaki dereva aliwapakia na kuwashusha peke yake. Wodi yetu nayo ilijazwa majeruhi, nikawa nawapokea mlangoni kutoka mikononi mwake. Hatukusemezana. Kila akinikabidhi mtu ananitazama usoni, ananingoja. Na mimi namwona anavyoningoja, na katibu amesimama palepale, mikono ya shati imekunjwa, naye anabeba ndoo za maji kama sisi. Nikafumba mdomo. Nilikuwa na watoto wa kulisha, na yeye alikuwa na nyumba ya kupoteza.

Wiki ile ile katibu aliitisha mkutano, akamwita dereva mbele, akamshika mkono akaunyanyua juu, akasema huyu ni shujaa wa taifa. Tukapiga makofi. Akaombwa aseme neno. Alisimama pale, akasema, "Gari bado chafu," akatoka akaenda bombani.

Tangu hapo ikawa anaosha gari. Limetoka halikutoka, anaosha. Anaanza asubuhi, anasugua sakafu, anatoa viti, anasugua chini ya viti, anavirudisha, ananusa, anavitoa tena. Rangi ya ndani ikaisha, bati likaonekana. Sabuni ya wodi ikawa haitoshi, wakamnyima sabuni, akawa anasugua kwa mchanga. Kazini hakukosa. Akiitwa anakwenda, analeta mgonjwa salama, anarudi bombani. Kwa hiyo wakubwa wakaona hamna neno, mtu ni msafi tu. Ukisema sivyo unaambiwa unatafuta kisingizio cha kurudi garini.

Mkewe akanijia nyumbani. Mngoni naye, mwanamke wa maneno machache. Hakukaa hata kwenye mkeka. Akasema, "Mtani, mume wangu haongei. Halali ndani, analala garini, anasema kuna mtu amesahauliwa humo. Walimpa vidonge vya usingizi, akaamka vilevile. Majirani wameleta mganga akasema ana jini la mtoni, tumechinja mbuzi, jini halikutoka. Njoo umtukane."

"Mkifukuzwa kwenye nyumba je?" nikamwuliza.

"Kaombe ruhusa," akasema.

Haya. Mimi huyu, mtu mzima, nikaenda ofisini kwa katibu kuomba ruhusa ya kumtukana mtu. Cheka kama unataka, mimi sikucheka. Nikasema, "Ndugu Katibu, nimekuja kwa unyenyekevu. Nipe asubuhi moja tu na yule dereva, pale bombani. Ukitaka simama usikilize. Ukitaka tufungie uzio. Nitamwambia maneno mabaya, na yeye ataniambia, halafu utamwona atakavyolia. Akilia atapona. Mwenzangu anakufa akiwa amesimama."

Akasikiliza mpaka mwisho. Na aliguswa, niliona. Akavua miwani akaifuta. Halafu akasema, "Dada, huyu ni mgonjwa. Nikuruhusu umtukane mgonjwa? Shujaa wetu? Nchi sasa ina wataalamu. Nimekwisha kusema na wakubwa, atapelekwa Dodoma, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, atatibiwa kisasa. Sisi hatuwezi kurudi kwenye mambo ya ukoo."

"Ndugu Katibu, huko Dodoma nani anamjua?"

"Wataalamu hawana haja ya kumjua," akasema. "Wana haja ya kumtibu."

Nikatoka. Ofisini nilijikaza, nikalilia nje, kwa hasira, mpaka kanga ikalowa. Wakampeleka kweli. Alipanda nyuma ya gari lake mwenyewe, akaketi pale nilipokuwa nakaa mimi, na dereva mwingine usukani. Alikuwa ameshika tambara la kuoshea. Mkewe na watoto wakarudishwa Songea kwa basi, nyumba ikapata mtu mwingine.

Alikaa huko muda mrefu. Msimu wa korosho ulipita, ukaja mwingine ukapita. Katibu akapandishwa cheo akahamishwa, akaagwa kwa ngoma na maneno mazuri. Marufuku ile hakuna aliyeifuta, na hakuna aliyeikumbuka tena. Watu wakarudia kutaniana wodini kana kwamba hakujatokea kitu. Mpishi yule yule akawa anamwita mganga mkuu mla panya, mganga mkuu anacheka. Mimi nikiwasikia nilikuwa natoka nje.

Kisha nikasikia dereva karudi. Hakuwa na kazi tena, lakini alikuwa na madai yake kazini, akafikia kwa Mngoni mwenzake mmoja mjini. Nilifunga kibanda changu cha maandazi niliyokuwa nauza siku za mapumziko, nikavaa, nikaenda kwa miguu. Njia nzima nilikuwa nayapanga. Nilikuwa nimeyatunza matusi ya miaka, mengine matamu mno, mengine hata hapa siwezi kuyasema. Nilikuwa nacheka peke yangu barabarani, watu wananiangalia. Hakuna katibu sasa, hakuna uzio. Nilijiambia, nikimkuta hata amekonda vipi, nitamwanzia palepale mlangoni, sitampa hata nafasi ya kunikaribisha.

Hakuwa amekonda. Alikuwa amenenepa, unene ule wa maji wa dawa, amevaa shati safi, ameketi barazani, mikono juu ya magoti. Nikasimama mbele yake, nikashika kiuno, nikapaza sauti mtaa wote usikie:

"Ee jambazi! Kumbe uko hai! Serikali imekulisha bure kule ukanenepa, na sisi mliotuachia majivu tunakula mihogo mikavu! Babu zako walituua, wakatuchomea, wakatubebea bibi zetu, na wewe umekuja kumalizia nini? Haya, nijibu, Mngoni!"

Nikamngoja. Mwenyeji wake alikuwa ameshaanza kucheka mlangoni, amefurahi, anajua mambo yanaanza.

Yeye akainuka taratibu. Akaweka miguu pamoja, akashika mikono kifuani, macho chini, mtu mzima yule aliyenizidi umri kwa mbali.

"Shikamoo, mama," akasema.

Nikamwambia, "We! Shikamoo gani? Ni mimi, mateka wako!"

"Ni kweli uliyosema," akajibu, kwa sauti ndogo, safi, isiyo na chembe ya mzaha. "Wazee wetu waliwaua sana. Naomba mnisamehe."

Akabaki amesimama hivyo, ananingoja nimsamehe. Mwenyeji wake akaacha kucheka akaingia ndani. Nilimtafuta Mngoni wangu katika uso ule, nikamtafuta, hakuwemo. Na kwa kuwa hangekaa mpaka aitikiwe, nikamwitikia marahaba.